Utando wa Molekuli Moja

Trei ilikuwa ya bati: urefu sentimita 70, upana sentimita 5, kina sentimita 2. Ilijazwa maji mpaka ukingoni, kisha kikalazwa juu yake kipande chembamba cha bati kilichokatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kikiugusa uso wa maji. Kando yake palisimama mizani ndogo, na kwenye mkono mmoja wa mizani kilining'inia kisahani cha upana wa milimita 6, kimekalishwa juu ya maji. Kazi ilikuwa kutafuta uzito unaotosha kukibandua kisahani hicho. Ukiupata unauandika, unakisogeza kipande cha bati kidogo, unapima tena. Aliyeunda chombo hiki mwanzoni mwa miaka ya 1880, nyumbani kwao mjini Braunschweig, Ujerumani, alikuwa msichana wa miaka 20 hivi ambaye hakuwahi kukaa katika darasa la chuo kikuu.

Jina lake Agnes Pockels. Alizaliwa Venice tarehe 14 Februari 1862, mji huo ukiwa bado chini ya Austria, na baba yake akiwa askari wa jeshi la dola hiyo. Malaria ya kaskazini mwa Italia ilimdhoofisha baba, akastaafu mapema, na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig. Agnes alisoma shule ya wasichana ya mji huo na akaipenda fizikia kuliko somo lingine lolote. Lakini vyuo vikuu vya Ujerumani wakati huo havikupokea wanawake. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alikwenda Göttingen kusoma fizikia, na baadaye akawa profesa anayejulikana hadi leo kwa uchunguzi wake wa mwanga ndani ya fuwele. Dada alibaki nyumbani kupika, kufua, kuosha vyombo na kuuguza wazazi waliokuwa wagonjwa kwa miaka mingi. Friedrich, naye namshukuru kwa hilo, alimletea vitabu vyake vya chuo.

Familia yao ilisimulia baadaye kwamba maji ya kuoshea vyombo yenye mafuta ndiyo yaliyomwamsha. Uso wa maji una nguvu yake: molekuli zilizo juu kabisa huvutwa na wenzao wa chini na wa pembeni, na uso wote unakazika kiasi cha kumbeba mdudu mwepesi. Nguvu hiyo huitwa mkazo wa uso. Mafuta huuharibu mkazo huo, na hilo lilijulikana tangu kale. Mabaharia walimwaga mafuta kutuliza mawimbi, na mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha taarifa ya jinsi kiasi kisichozidi kijiko cha chai kilivyotuliza karibu nusu ekari ya bwawa moja kule Clapham, London. Hakuna aliyekuwa amepima barabara kinachotokea hapo juu. Agnes alipima.

Alitia chembe ya mafuta, akaiacha itandae trei nzima. Mizani ilisoma vilevile kama kwenye maji safi. Akaanza kukisogeza kipande cha bati, akiubana ule utando katika eneo dogo zaidi. Bado hakuna kilichobadilika. Akaendelea kubana. Kisha, eneo lilipofikia kipimo fulani, mkazo wa uso ukaanza kushuka ghafla, na kadiri alivyozidi kubana ndivyo ulivyozidi kushuka. Alirudisha kipande nyuma, mkazo ukapanda. Alirudia kwa vitu mbalimbali na kila mara ule mpaka ulijitokeza. Aligundua pia kwamba kipande kilekile cha bati kinaweza kuufagia uso wa maji na kuuacha safi, jambo lililokuwa likiwashinda wanafizikia wenye maabara zao, maana vumbi la hewani au jasho la kidole hutosha kuharibu vipimo vyote vya siku nzima.

Kwa takribani miaka 10 aliyaweka matokeo hayo ndani ya daftari zake. Ndipo akasikia kwamba Lord Rayleigh wa Uingereza, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama zile, naye ameanza kuchunguza mafuta juu ya maji. Tarehe 10 Januari 1891 alimwandikia barua kwa Kijerumani, akiomba radhi kwa kumsumbua na akieleza kwamba kwa sababu mbalimbali hana njia ya kuchapisha kazi yake katika majarida ya sayansi. Mke wa Rayleigh aliitafsiri. Rayleigh alipoisoma aliona kwamba mwanamke huyu, kwa vyombo vya nyumbani, amemtangulia. Angeweza kuyachukua yale mawazo akayaita yake, na nani angejua? Hakufanya hivyo. Aliituma tafsiri kwa mhariri wa jarida la Nature akiomba ipewe nafasi, na ilichapishwa tarehe 12 Machi 1891 kwa jina la mwenyewe. Mwaka 1899 Rayleigh alifikia hitimisho kwamba ule mpaka ambapo mkazo unaanza kushuka ndipo molekuli za mafuta zinapogusana, zikiwa zimefunika maji kwa tabaka moja tu. Unene wake ni kama nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Trei ya bati ilikuwa imepima molekuli kabla baadhi ya wanasayansi mashuhuri hawajakubali kwamba molekuli zipo.

Kutoka hapo kazi ilihamia Marekani, na kwa njia isiyotarajiwa: kupitia globu za umeme.

Irving Langmuir alizaliwa Brooklyn mwaka 1881, akapata udaktari wa kemia ya kifizikia Göttingen mwaka 1906, na mwaka 1909 akaingia maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York. Globu za wakati huo zilikuwa zikiingia weusi kwa ndani, na nyuzi zake za tangsteni zikikatika mapema. Langmuir alionyesha kwamba weusi ule ni tangsteni yenyewe inayoukimbia uzi wenye moto, na kwamba dawa yake ni kujaza gesi ndani ya globu badala ya kuiacha tupu. Kampuni ilipata faida kubwa. Yeye alibaki na swali lingine. Aliona kwamba gesi zinazougusa uzi huo huganda juu yake kwa tabaka la molekuli moja, na zikishaujaza uso, hakuna nafasi ya nyingine. Kama ni hivyo kwenye chuma cha moto, je, kwenye maji?

Mwaka 1917 alichapisha jibu. Alichukua wazo la trei na kizuizi chake, akaongeza jambo moja muhimu: kizuizi kinachoelea kati ya maji safi na maji yenye utando, kilichounganishwa na mizani, kikipima moja kwa moja jinsi utando unavyosukuma. Kwa kuwa alijua uzito wa mafuta aliyodondosha, alijua idadi ya molekuli. Akigawanya eneo kwa idadi hiyo, anapata nafasi ya kila moja. Alijaribu asidi palmitiki, ambayo imejaa katika mafuta ya mawese na ina mnyororo wa kaboni 16. Akajaribu asidi stiariki, yenye kaboni 18. Akajaribu nyingine yenye kaboni 26. Mtu angetegemea molekuli ndefu ichukue nafasi kubwa zaidi juu ya maji. Zote zilichukua karibu nafasi ileile. Maelezo ni moja tu: molekuli hazilali, zinasimama. Upande mmoja wa molekuli hupenda maji na upande mwingine huyakataa, kwa hiyo zinapobanwa husimama kama mikoko, mizizi majini na vichwa hewani, zimesongamana bega kwa bega.

Nashindwa kuisoma hatua hii bila kustaajabu. Hapakuwa na hadubini yoyote ya kuonyesha kitu kidogo kiasi hicho. Umbo na mkao wa molekuli vilijulikana kwa mizani, maji na hesabu za kugawanya.

Mwaka 1932 Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya nyuso. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels, aliyekuwa na miaka 70, shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1935. Trei ile hadi leo huitwa kwa jina la Langmuir katika maabara za dunia nzima, na naamini si haki. Langmuir aliiboresha na kuipa maana mpya, hilo halibishaniwi, lakini wazo la kubana utando kwa kizuizi na kupima kinachotokea lilitoka Braunschweig.

Pale Schenectady Langmuir hakufanya kazi peke yake. Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia Cambridge, mwaka 1926, aligundua namna ya kuzamisha kioo majini na kukitoa kikiwa kimevaa utando, kisha kukizamisha tena na kuongeza tabaka jingine, na jingine. Mwaka 1938 alitangaza kioo kilichovikwa tabaka 44 ambacho hakikurudisha mwako wa mwanga. Kila tabaka lilikuwa na unene wa molekuli moja, akizihesabu kwa rangi zinazojitokeza juu ya kioo. Katika miaka hiyohiyo Langmuir na msaidizi wake Vincent Schaefer waligeukia protini, vile vitu vinavyofanya kazi nyingi ndani ya mwili. Waliziweka juu ya maji na juu ya vioo vya Blodgett, wakauliza: kimeng'enya kikishaganda juu ya uso, bado kinaweza kufanya kazi yake? Kwa swali hilo kemia ya nyuso ilikuwa imeingia kwenye biolojia.

Kwa kweli ilikuwa imekwisha kuingia mapema kidogo, kwa mlango wa daktari wa watoto. Mwaka 1925 Evert Gorter wa Leiden, Uholanzi, akiwa na msaidizi wake F. Grendel, alichukua damu ya mbwa, kondoo, sungura, mbuzi na binadamu, akatoa mafuta yote aliyoweza kutoka kwenye chembe nyekundu, akayatandaza juu ya trei ya Langmuir. Eneo lililofunikwa lilikuwa mara mbili ya eneo la nje la chembe zile. Gorter akatamka kwamba kila chembe ya damu imezungukwa na tabaka mbili za molekuli za mafuta, mgongo kwa mgongo. Baadaye wataalamu walikuta makosa mawili katika kazi yake: hakutoa mafuta yote, na aliipima chembe ndogo kuliko ilivyo. Makosa hayo yalifutana, moja likipunguza huku na jingine likipunguza kule, na jibu likabaki sahihi. Utando wa nje wa seli zote za mwili wako umejengwa hivyo.

Sasa twende kwenye mapafu.

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa mamia ya milioni, na kila kifuko kina unyevu kwa ndani. Penye unyevu na hewa pana uso, na penye uso pana mkazo unaotaka kukifunga kifuko. Tena kanuni ya fizikia inasema kwamba shinikizo ndani ya kiputo kidogo ni kubwa kuliko ndani ya kikubwa chenye mkazo uleule. Kwa hesabu hiyo, vifuko vidogo vingemwaga hewa yao kwenye vikubwa na kufungana, na kila pumzi ingekuwa kazi ya kufufua mapafu upya. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard, daktari aliyefanya kazi Uswisi, alijaza mapafu ya nguruwe kwa hewa, akapima shinikizo linalohitajika, kisha akayajaza kwa maji yenye gundi ili kuondoa kabisa mpaka wa maji na hewa. Mapafu yalijaa kwa urahisi zaidi. Akasema wazi kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayorudisha mapafu ndani ni mkazo wa uso, na akashauri uchunguzi wa watoto wachanga. Kwa miaka zaidi ya 20 karibu hakuna aliyemsikiliza. Nikifikiri ni watoto wangapi walizaliwa na kufa katika miaka hiyo, ukimya ule unaniuma.

Swali lilifufuliwa na gesi za vita. Katika kituo cha utafiti wa kijeshi cha Porton Down, Uingereza, Richard Pattle alikuwa akitafuta dawa ya kuondoa povu linalojaa mapafuni mwa mtu aliyevuta gesi ya sumu. Dawa za kuua povu zilishindwa. Viputo alivyovikamua kutoka kwenye mapafu vilikaa tu majini, ilhali viputo vya kawaida vya ukubwa ule hunywea na kutoweka. Mwaka 1955 aliandika kwamba mkazo wa uso wa viputo hivyo lazima uwe karibu na sifuri, kwa hiyo mapafu yana utando wake maalumu.

Upande wa pili wa Atlantiki, katika kituo cha kijeshi cha Edgewood, Maryland, daktari kijana John Clements alisoma kazi ya Pattle na akataka kuona jambo hilo likibadilika mbele ya macho yake. Akajitengenezea trei. Ilikuwa na kizuizi kinachosogea, na badala ya kisahani kulikuwa na ukanda mwembamba wa platinamu unaoning'inia majini. Akamwaga juu yake maji yaliyotolewa mapafuni mwa wanyama, akaanza kubana na kuachia, kubana na kuachia, jinsi kifua kinavyopumua. Maji safi yana mkazo wa kama daini 72 kwa sentimita. Utando wa mapafu ulipotandaa ulisoma 46, na ulipobanwa ulishuka hadi 10. Hapo ndipo jibu lilipokuwa: kifuko kinapopungua, utando hubanwa, molekuli husongamana, mkazo hushuka, na kifuko hakijifungi. Clements alichapisha mwaka 1957. Tazama alichokuwa anakifanya: kipimo kilekile cha Agnes Pockels, kizuizi kilekile, kushuka kulekule kwa mkazo, miaka zaidi ya 70 baadaye, na safari hii utando umetoka kifuani.

Mwishoni mwa 1957 daktari wa watoto kutoka Boston, Mary Ellen Avery, alimtembelea Clements huko Edgewood. Alikuwa akiangalia watoto njiti wanaozaliwa wakilia vizuri, kisha ndani ya saa chache wanaanza kupumua kwa shida, mbavu zikizama kila wanapovuta pumzi, wakigeuka rangi, na wengi wakifa kabla ya siku ya tatu. Ugonjwa huo uliua maelfu kila mwaka nchini Marekani pekee. Madaktari walipopasua miili waliona utando wa kioo ndani ya mapafu na wakadhani huo ndio unaoua. Avery alikuwa ameona jambo lingine: mapafu ya watoto hao hayakuwa na povu. Alipoiona trei ya Clements alielewa. Akarudi Boston, akatengeneza ya kwake, na mwaka 1959 yeye na Jere Mead wakachapisha matokeo. Mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo hayakuweza kushusha mkazo wa uso. Hawakuwa na kitu kibaya kilichoongezeka. Walikosa kitu ambacho mapafu yao hayakupata muda wa kukitengeneza.

Kitu hicho huitwa safaktanti. Molekuli yake kuu, iliyotambuliwa mwaka 1961, ina mikia miwili, na mikia yote miwili ni asidi palmitiki, ileile ambayo Langmuir aliipima mwaka 1917.

Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais John Kennedy, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, na akafa siku mbili baadaye kwa ugonjwa huohuo. Hospitali bora za Boston hazikuwa na la kufanya. Kifo kile kiliamsha nchi nzima, lakini majaribio ya kwanza ya tiba yalishindwa. Watafiti walipuliza molekuli ile kuu peke yake kwenye hewa ya mtoto, bila mafanikio, na ilichukua muda kuelewa kwa nini. Molekuli hiyo ikiwa peke yake hulainika kwenye nyuzi joto 41 hivi, na mwili wa mtoto ni 37. Ni ngumu mno kutandaa kwa kasi ya pumzi. Mapafu huitandaza kwa msaada wa protini ndogo zinazokaa kati yake pale usoni. Huko Stockholm, Göran Enhörning na Bengt Robertson walionyesha mwaka 1972 kwamba safaktanti kamili ya mapafu, ikimiminwa kwenye bomba la pumzi la watoto wa sungura waliozaliwa njiti, inafungua mapafu. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Akita, Japani, alitoa taarifa ya watoto 10 aliowapa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Ndani ya saa chache damu yao ilibeba oksijeni ya kutosha. Katika muongo uliofuata ikawa dawa ya hospitali.

Wakati huohuo ilipatikana njia nyingine, ambayo kwetu Afrika Mashariki ina uzito zaidi. Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza uchungu wa uzazi kwa kondoo kwa kuwapa dawa za steroidi. Mwanakondoo mmoja alizaliwa mapema mno kiasi kwamba hakupaswa kuwa hai, lakini alikuwa akipumua. Steroidi zilikuwa zimeyaharakisha mapafu yake. Mwaka 1972 Liggins na Ross Howie walichapisha jaribio kwa akina mama 282: sindano kabla ya kujifungua ilipunguza ugonjwa wa mapafu na vifo vya njiti.

Je, sindano hiyo inafaa penye uhaba wa huduma? Jaribio la vijijini katika nchi 6, Kenya ikiwemo, lililochapishwa mwaka 2015, lilileta majibu ya kutia hofu: vifo havikupungua, na katika jumla ya watoto vikaongezeka. Wengi waliochomwa hawakuwa wanakaribia kujifungua njiti. Shirika la Afya Duniani likaandaa jaribio jingine katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, safari hii umri wa mimba ukithibitishwa kwa ultrasaundi na mtoto akizaliwa penye huduma. Wanawake 2,852 walishiriki. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2020, vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa akina mama waliopewa sindano ya steroidi iitwayo deksamethasoni na 23.5 kwa wasiopewa, na jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana.

Safaktanti yenyewe bado ni ghali, na wodi nyingi za watoto wachanga Afrika Mashariki haziipati kila siku. Muuguzi wa zamu anayo sindano ya deksamethasoni kwa mama aliyethibitishwa kuwa anakaribia kujifungua njiti, na palipo na uwezo anayo mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kwa shinikizo dogo ili vifuko visijifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Mashine haiongezi safaktanti hata tone. Inanunua muda wa siku mbili, tatu, nne, mpaka seli za mapafu ya mtoto zianze kutengeneza utando wake zenyewe.